Windows 10 imefika mwisho: mashine 26 za shule nizifanyeje?

Mwl_Fizikia (Muheza)

Wakuu, habari za jioni. Nina swali lililonikosesha usingizi tangu juzi. Naomba mniruhusu nilieleze kwa kirefu, maana nikilifupisha mtanijibu "nunua mpya", na za kununua mpya hatuna.

Nafundisha Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Tangu 2021 mimi ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta. IT sikusomea chuoni, nimejifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kushinda kwa mafundi Tanga mjini wakati wa likizo. Shuleni kila chenye waya ni changu: printa ya karani, projekta, spika za mahafali, hadi simu ya mpishi iliyoingia maji. Sinung'uniki, kazi hii naipenda. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anashika mausi mara ya kwanza mkono unamtetemeka, na muhula ukiisha anakuletea barua aliyoipiga mwenyewe, aya zimenyooka, jina la baba yake limeandikwa sawasawa. Hapo ndipo ninapopata nguvu ya kurudi tena Jumatatu.

Sasa mkuu wa shule amesikia redioni kwamba Windows 10 imefungwa tangu 14 Oktoba 2025. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mwalimu, zile kompyuta zimekufa?" Nikamwambia hazijakufa. Akasema, basi niandikie karatasi moja ya kupeleka kwenye bodi, useme zimekufa au hazijafa, na kama hazijafa zinataka nini.

Mashine ziko 26. Kumi na nane ni Dell OptiPlex 3020, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski za kuzunguka za GB 500. Hizo tulipewa msaada mwaka 2019. Sita ni HP EliteDesk 800 G2, i5 ya kizazi cha sita, tulizinunua mtumba kwa michango ya wazazi. Tano kati ya hizo ziko darasani, moja iko kwa karani. Halafu kuna laptop mbili: ya mhasibu, EliteBook 840 G3, na ya mkuu mwenyewe, ambayo ni mpya, i5 ya kizazi cha kumi na mbili.

Ile ya karani ndiyo inayonitisha. Ndani yake kuna Excel za alama za watoto kuanzia 2016 mpaka leo, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Nakala yake iko kwenye flashi moja, na flashi hiyo iko mfukoni mwangu ninapoandika hapa.

Nimesikia wengine wanapiga Windows 11 kwa kulazimisha. Wengine wanasema hamia Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Wengine wanasema kaa kimya, mashine zitaendelea kuwaka, nani atajua. Nisaidieni nimwandikie mkuu kitu cha kweli. Mzazi aliyeuza mahindi akachangia EliteDesk moja siwezi kumwambia kwamba mashine inayowaka, kibodi nzima, mtoto anaitumia kila siku, sasa ni takataka.

---

FundiNgamiani (Tanga)

Mwalimu, pole na majukumu. Mtulize kwanza mkuu. Hakuna mashine iliyozimwa. Kilichokwisha tarehe 14 Oktoba ni viraka vya usalama vya bure vya kila mwezi. Windows 10 itawaka kesho na mwakani. Tofauti ni kwamba tundu jipya likigunduliwa, halizibwi.

Za kwako nyingi haziingii Windows 11 kwa njia ya halali. Inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama ndani ya mashine), na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inapowaka). Dell zako ni kizazi cha nne, HP ni cha sita, na 840 G3 ni cha sita vilevile. Laptop ya mkuu ndiyo peke yake inayopita.

Kuhusu kulazimisha, nisikufiche: nafanya kila wiki. Unaandaa flashi kwa kiprogramu kinachoitwa Rufus, unaweka tiki pale pa kuruka masharti, mashine inapokea. Kizazi cha sita kinakwenda vizuri tu. Lakini mteja anayekuja na mashine moja namwambia mapema kwamba toleo jipya la kila mwaka halitamjia lenyewe, atarudi kwangu. Na Microsoft wameandika wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai apdeti. Kwa mashine moja ya nyumbani sawa. Kwa 25, na wewe una vipindi vya Fizikia, hapana. Itakuwa kazi isiyoisha, na siku Microsoft wakiubana mlango utabaki na darasa zima limesimama.

Ninachokuomba, kabla hujaamua lolote: nenda kwenye kila mashine, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver, uone namba ya toleo. Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2. Niambie zako zinasomaje. Halafu angalia saa ya kila mashine kama ni sahihi.

Diski za kuzunguka ndizo zinazokutesa, mwalimu, siyo umri wa prosesa. Hiyo i5 ya kizazi cha nne ina nguvu za kutosha kwa kazi ya darasani. SSD ya GB 240, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ikiingia, hutaitambua.

---

Bi_Tarakilishi (Kilifi)

Mwalimu, salaam kutoka ng'ambo ya mpaka. Nasimamia maabara ya tarakilishi kwenye shule ya wasichana huku Kilifi. Tarakilishi 30, nyingi ni ndugu wa hizo Dell zako. Nilizihamishia karibu zote Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, mwaka uliopita, kwa hiyo nakueleza nilichokipitia, si nilichokisoma.

Chukua Mint toleo la Xfce, ndilo jepesi. Mint 22 imejengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Ubuntu 24.04 na itapata viraka hadi 2029. Wao wenyewe wanasema RAM ya GB 2 inatosha kuiwasha, GB 4 ndiyo ya kustarehe. Leseni hailipiwi, kwa hiyo sina tena ile hofu ya mgeni kuingia maabara akaanza kuuliza za karatasi.

Wasichana walizoea kwa siku mbili. Walimu walichukua mwezi mzima, na naomba ulikumbuke hilo unapopanga. Mwalimu wetu wa Jiografia, mama niheshimuye sana, alikuja na mtihani wake wa Word, akaufungua kwenye LibreOffice, programu ya bure tunayotumia badala ya Word na Excel, mchoro wa mto ukaruka ukurasa wa pili. Akalia. Kweli alilia, kwa sababu alikuwa ameuchora usiku kucha. Tangu siku ile sheria yetu ni moja: mtihani unaotoka nje ya chumba unatoka kama PDF, na kila anayeleta faili la zamani tunakaa naye mpaka likae sawa. Maandishi ya kawaida hayana shida. Hati ya Times New Roman inabadilishwa na Liberation Serif, na hiyo imepimwa herufi kwa herufi ili mistari isisogee. Yenye shida ni picha zilizopachikwa, majedwali yaliyojazana, na makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili. Makro usizihesabu kabisa.

Jaribu printa kabla ya kufuta chochote. Za HP zilikubali zote bila mimi kufanya lolote. Ilikuwepo printa ndogo ya leza ya zamani kwa mhasibu, hiyo nilihangaika nayo wiki mbili nikaiacha. Mhasibu amebaki na Windows mpaka leo kwa sababu ya printa tu.

Na bando. Huku intaneti tunanunua kwa uchungu. Tarakilishi yetu moja nimeiwekea apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi apdeti. Ya kwanza ikipakua apdeti, zile nyingine zinachukua pale pale ndani ya chumba, hazitoki nje tena. Ningejua mapema ningeanza na hilo.

---

Seva_ya_Ziwa (Mwanza)

Mwalimu, mimi niko IT ya hospitali. Nakubaliana na dada wa Kilifi kuhusu darasa, lakini nataka tuongee kuhusu ile mashine ya karani, maana hapo umegusa jeraha.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 nilikuwa bado chuo. Siku hiyo WannaCry, programu ya wezi wa mtandaoni, iliingia hospitali za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa mlangoni kwa sababu mafaili yalifungwa kwa ufunguo wa siri na wezi wanadai malipo. Watu wengi husema ni kwa sababu walikuwa na Windows XP. Si hivyo. Waliopatikana wengi walikuwa na Windows 7, na Windows 7 ilikuwa imeshatolewa kiraka cha tundu lile tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kiraka kilikuwepo, hakikuwekwa. Tangu siku ile kitu cha kwanza ninachouliza kwenye mashine ni lini ilishonwa mara ya mwisho. Windows namba ngapi huja baadaye.

Na ile kitu ilikuwa inatambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao wa ndani. Mtu mmoja akipata, chumba kizima kinapata. Kwa hiyo nakuuliza: mashine ya karani na mashine za wanafunzi ziko kwenye rauta moja? Ikiwa mwanafunzi anachomeka flashi yenye muziki kwenye Dell, na Dell hiyo inamwona karani kwenye mtandao, basi alama zako za 2016 ziko darasani, mwalimu.

Kuhusu kulipia viraka. Upo mpango wa Microsoft unaoitwa ESU. Kwa kampuni ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu, na ukichelewa kuingia unalipa na miaka iliyopita. Hiyo ndiyo bei iliyotangazwa sana, ndiyo maana wengi wamekata tamaa. Lakini kwa taasisi za elimu ni dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Dola moja, mwalimu. Inapitia kwa wauzaji wa leseni za elimu, unaweza kuulizia Dar. Masharti ni Windows iwe halali na iwe 22H2. Ipo pia ya watu binafsi, inayokwenda mpaka 13 Oktoba 2026, dola 30 au bure ukiunganisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Hiyo ni ya nyumbani, usiibebe ukaipeleka shuleni.

Na ile flashi ya mfukoni itoe leo, nakili kwenye vitu viwili, kimoja kikalale nje ya shule. Hili halisubiri bodi.

---

Mwl_Fizikia (Muheza)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne.

Nimefanya kama fundi alivyoelekeza. Jumamosi niliingia saa moja asubuhi na daftari, nikazibandika namba kwa karatasi na gundi, nikaanza na winver mashine moja baada ya nyingine. Dell zote 18 zinasema 1809. Nilidhani nimekosea ya kwanza nikarudia. 1809. Ya pili, 1809. Nilipofika ya sita nikakaa chini. Namba hiyo maana yake ni mwaka 2018, mwezi wa tisa, na kwa toleo tulilo nalo msaada wake ulikwisha Novemba 2020.

Aliyekuja kuzipanga mwaka 2019 alizima apdeti zote ili zisile bando la shule. Nimemuuliza karani, anakumbuka siku yenyewe. Tulimshukuru wakati ule, bando lilikuwa linaisha katikati ya mwezi. Na Windows aliyopiga si halali, ameiamsha kwa kiprogramu, na kile kiprogramu bado kipo, kimewekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo kinga ya virusi isiviguse.

Mnaelewa nilichokiona? Mkuu ananiuliza kama mashine zimekufa kwa sababu ya tangazo la Oktoba 2025. Kumbe kwetu huo mwisho ulikwisha kupita miaka mitano nyuma na hakuna aliyetuambia. Watoto wangu wamekuwa wakiandika nywila zao za barua pepe humo. Mimi mwenyewe nimefungua akaunti yangu ya benki kwenye Dell namba 3, mwaka jana, mvua ilikuwa inanyesha na simu haina chaji. Nimebadilisha nywila zote jana usiku.

Saa nazo ni kama fundi alivyohisi. Mashine 11 zinarudi mwaka 2014 kila umeme ukikatika. Kumbe ndiyo sababu vivinjari vilikuwa vinakataa kufungua kurasa, vinasema muunganisho si salama, na mimi nawaambia watoto wabonyeze "endelea". Nimekuwa nikiwafundisha kupuuza onyo la kweli. Hilo limeniuma kuliko yote. Ni betri ndogo tu ya CR2032, ile bapa kama shilingi, kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani.

Nilifungua namba 7 niione. Kava lilipotoka vumbi lilikuwa limeshikana kwenye feni kama manyoya ya paka. Nikalitoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli ya mlinzi. Ndani, chini ya vumbi, bodi ni safi kabisa, kapasita zote zimesimama wima. Mashine hii haijafa, wakuu.

Kwa swali la Seva_ya_Ziwa: ndiyo, rauta ni moja. Karani, mhasibu, darasa, na simu za walimu. Nimeshachomoa waya wa karani. Tangu Jumatatu anaingiza alama bila mtandao na ukihitajika usajili wa watahiniwa tunafanya kwenye laptop ya mkuu, yeye mwenyewe amekubali. Alama ziko sehemu tatu sasa. Moja iko nyumbani kwangu ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vya ndoa.

---

FundiNgamiani (Tanga)

Mwalimu umefanya kazi ambayo makampuni mengi mjini hayajaifanya. Na hilo la apdeti kuzimwa, nakuhakikishia haliko kwako tu. Mashine ninazopokea mezani, nyingi ni hivyo hivyo. Mteja anasema "fundi izime hiyo apdeti inanimalizia MB", fundi anazima, basi, imezimwa milele. Mimi nimezima za watu, nasema kweli mbele yenu. Siku hizi nakataa, namwonyesha mteja pale pa kuweka mtandao uwe wa kuhesabiwa, apdeti zinapungua kasi lakini hazifi.

Habari njema iko kwenye HP. EliteDesk 800 G2 nyingi zimetoka kiwandani na ufunguo wa leseni umehifadhiwa ndani ya mazabodi. Ukipiga Windows 10 Pro safi kutoka kwa Microsoft wenyewe, bila kiprogramu chochote, iunganishe na mtandao uone. Mara nyingi inajihalalisha yenyewe. Jaribu moja kwanza. Ikikubali, una mashine tano au sita halali, na hizo ndizo za kupeleka kwenye ile dola moja.

Betri za CR2032 nunua za pakiti, usichukue moja moja dukani.

---

Mhitimu_wa_Jana (Morogoro)

Samahani nitapinga kidogo, na naheshimu mnachofanya. Nilisoma shule iliyokuwa na maabara ya Linux tupu. Walimu walitupenda na tulijifunza vingi. Lakini nilipoitwa kwenye usaili wa kwanza wa kazi nilikalishwa mbele ya Word nikaambiwa nitengeneze barua na kuziunganisha na orodha ya majina ya Excel, dakika 20. Kitu nilikijua. Vitufe sikuviona vilipo. Mikono ilikuwa inatafuta menyu nyingine. Kazi nilikosa. Naomba mtoto wa Muheza asipite pale. Mwajiri hakuulizi mfumo wako ni salama kiasi gani, anakuuliza unajua Word.

---

Bi_Tarakilishi (Kilifi)

Mwanangu, nimekusoma mara mbili na nakupa pole ya dhati. Hoja yako sina cha kuipinga. Mimi pia wasichana wangu wa Kidato cha Nne nimewaachia tarakilishi nne za Windows kwa sababu hiyo hiyo, wanapokezana. Nisingependa kuandika hapa kana kwamba nimehama moja kwa moja na kila kitu kikawa shwari.

Ila nisikize kwa hili. LibreOffice ina mpangilio wa menyu unaofanana na utepe wa Word, unauwasha kwenye mwonekano. Hauondoi tofauti yote lakini mkono unazoea mahali. Na kuunganisha barua na orodha ya majina nafundisha kwa programu zote mbili, wiki moja hii, wiki ya pili ile. Anayejua kwamba orodha ni jedwali na barua ni ukungu wa kumiminia, akibadilishiwa programu atatafuta kidogo atapata. Anayejua kitufe tu, toleo jipya la Word likihamisha kitufe naye amekwama.

---

Seva_ya_Ziwa (Mwanza)

Basi mwalimu jibu si limeshapatikana? Dell 18 zipelekwe Mint. HP tano za darasani zibaki Windows halali kwa ajili ya Kidato cha Tatu na cha Nne. Hata hivyo ya karani usiiache hivyo kwa muda mrefu. Kuchomoa waya kunakupa miezi, hakukupi miaka. Flashi zitaingia tu, na flashi hubeba vitu.

Kama bodi itanunua kitu kimoja, kiwe cha karani. EliteBook 840 G5 ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane inapita Windows 11 kihalali. Usikubali G4 wakikuambia ni sawa, G4 ni kizazi cha saba na haipiti. Wauzaji wanazichanganya.

---

Mwl_Fizikia (Muheza)

Wakuu, karatasi nimeiandika, imetoka ukurasa mmoja na nusu. Nimeandika kwamba mashine hazijafa, kwamba zilikuwa zimeachwa bila ulinzi tangu 2020 na sisi hatukujua, na kwamba tunachoomba ni SSD 18, betri pakiti mbili, rauta ya pili ya bei nafuu ya kutenga ofisi na darasa, na laptop moja ya kizazi cha nane kwa karani. Pia dola za HP. Mkuu aliisoma amesimama. Alipofika pale nilipoandika kuhusu nywila za watoto akakaa. Akaniuliza kama wazazi waambiwe. Nimesema ndiyo, na watoto waambiwe kwanza. Ijumaa kipindi cha mwisho niliwakusanya wote nikawaeleza, nikawaomba radhi kwa kuwafundisha kubonyeza "endelea", tukabadilisha nywila pamoja kwenye simu yangu na ya matroni, mmoja baada ya mwingine, mpaka kengele ya chakula.

EliteDesk ya kwanza imejihalalisha yenyewe kama fundi alivyosema. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, mlinzi akaja mbio.

SSD moja nimeinunua kwa fedha yangu, sikuweza kusubiri bodi. Nimeiweka kwenye namba 7, nikapiga Mint kwa flashi niliyoandaa nyumbani, saa nzima haikufika. Zamani nikiiwasha kabla ya kipindi, Kidato cha Pili wanaingia na vile vidoti bado vinazunguka, na kati ya dakika 40 tunapoteza kumi. Leo nimehesabu kwa saa ya ukutani: sekunde 24 mpaka mezani.

Bi Tarakilishi, nina swali la mwisho, nalo ni la kwako. Printa ya karani ni ya leza, ndogo, ya zamani, nahisi ni ndugu wa ile iliyokutesa. Yeye atabaki Windows kwa hiyo ataendelea nayo. Lakini darasani tuna HP moja ya wino iliyolala stoo tangu kabla sijaja. Umesema za HP zilikubali zote. Na zile za wino zilizokauka ulizifanyaje?

---

Bi_Tarakilishi (Kilifi)

Toa kichwa cha wino, kama kinatoka. Maji moto yaliyochemshwa yakapoa kidogo, kwenye sahani, kichwa kikae juu ya kitambaa kilicholowa, si ndani ya maji. Nusu saa. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ukiona rangi inaanza kutoka kwenye kitambaa, kimepona. Nitumie picha ya nyuma ya hiyo printa nikuangalizie namba kabla hujaanza.